Ndege ya Manjano Haijaruka Bado

Mtendeni, Tabora

Lukasi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: unakoroma chumba cha pili kama mtu asiye na safari, na sanduku lako umeliacha wazi. Yangu si nzuri. Nimekasirika tangu alasiri, na kwa kuwa si vizuri kumwamsha mtu anayepanda treni alfajiri ili kugombana naye, nimechukua kalamu yako mpya na nitagombana nawe kwa maandishi. Utanisoma ndani ya behewa, mahali ambapo huwezi kuinuka ukaenda zako kama ulivyozoea kila nikianza kusema.

Sitakufundisha namna ya kuishi Dar es Salaam. Mimi mwenyewe sijafika huko, habari zake nazipata kwa watu wanaorudi na viatu vipya. Mambo ya kuchemsha maji, kufua ukosi wa shati, kwenda misa, kuwajibu wakubwa kwa adabu, yote hayo nimekuambia tangu ulipoota meno, na kama hukuyashika ukiwa mbele ya macho yangu, hutayashika kwa sababu ya karatasi. Tuyaache.

Nina neno moja tu, la leo. Ulipanda darini kutafuta kamba ya kufungia godoro, ukashuka na kasha la marehemu baba yako. Upande wa chini lilikuwa limeliwa na mchwa, likapasuka mikononi mwako, na ndege zote alizotengeneza zikamwagika sebuleni: za mabua ya mtama, za vijiti vya mwanzi, za karatasi, nyingine hazina mkia, nyingine zimebaki na bawa moja, pamoja na vipande vya mabua na lile vumbi la manjano la siku nyingi. Nikakuuliza tuzifanyeje. Hukuniangalia. Ulikuwa unakunja suruali. Ukasema, "Zichome tu, Mama. Zitafaa kuwashia moto."

Nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kuangalia mboga jikoni. Leo hatukuwa na mboga, tulikuwa na kuku wako wa safari, na wewe mwenyewe ulikwisha kula paja.

Sasa utasema, Mama, si wewe uliyezichukia? Si wewe uliyekuwa ukiziita takataka za Marko? Ni mimi. Ndiyo maana nimekasirika zaidi. Hebu nikuambie jinsi nilivyozichukia, maana naona umekumbuka nusu tu, na nusu uliyoikumbuka ndiyo mbaya.

Baba yako alikuwa seremala wa mabehewa pale reli, mtu mtulivu anayejua kukaa nyumbani. Wenzangu walikuwa wakiwatafuta waume zao vilabuni, wangu nilimkuta kibarazani, nikajihesabu mwenye bahati. Kisha Jumapili moja, tukitoka misa, tukapita kiwanja ambacho mzungu mmoja wa reli alikuwa akirushia ndege ndogo yenye mota, inalia kama cherehani iliyokosa mafuta. Mimi niliona mtu mzima anacheza. Baba yako alisimama pale mpaka jua likamchoma shingo. Tuliporudi, kabla sijapakua chakula nikamwona anapasua bua la mtama kwa wembe wa kunyolea ndevu, anatoa ule moyo wake mwepesi, anaupima kiganjani. Nikamwuliza kama ameishiwa na kazi. Akasema anataka kuona kitu.

Alikiona kitu hicho kwa miaka. Mota hakuwa nayo, wala zile mbao nyepesi za Ulaya. Mwili wa ndege aliutengeneza kwa moyo wa bua, mbavu za mabawa kwa mwanzi alioukwangua mpaka ukawa mwembamba kama sindano, na pangaboi la mbele kwa kipande cha mbao. Ndani alinyoosha ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Ukilizungusha pangaboi kwa kidole mpira unajisokota, ukiliachia ndege inakwenda. Hayo yote yangekuwa sawa kama vifaa vingekuwa vyake. Lakini uzi ulikuwa wangu wa cherehani, na karatasi ya mabawa, ili ikaze, ilitaka kupakwa wanga. Mwenye wanga wa muhogo katika nyumba hii nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Pasaka moja vitambaa vile vilining'inia altareni vimelegea kama matambara ya jikoni. Padri akaniangalia mimi, nami nikamwangalia baba yako, naye akaangalia juu kwenye paa la kanisa kana kwamba anamwona Roho Mtakatifu anashuka. Kando yake ulikaa wewe, mdogo, unaangalia juu vilevile. Nilitaka kuwafinya wote wawili.

Halafu wale nyuki. Baba yako alitoka katika ukoo wa warina asali, watu wa pori la kusini, na babu yako alitundika mizinga maisha yake yote. Kila mtoto wa mrina asali anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta, ili nyuki wakinusa wajue hapa pana nyumba. Baba yako alilijua hilo kabla hajajua sala ya Baba Yetu. Lakini mvua zilipokaribia akataka ndege yake isilowe. Akayeyusha nta katika sufuria yangu, akaipaka ndege kubwa kuliko zote, nje na ndani, akaitundika chini ya upenu wa nyuma. Tukaenda misa. Tuliporudi ndege haikuonekana. Palikuwa na fundo jeusi la nyuki linaloning'inia na kutetema, kubwa kama mtungi.

Nikasema uletwe moshi. Bibi yako, mama yake Marko, ambaye wakati huo alikuwa akikaa nasi, akanikataza. Nyuki waliokuja nyumbani kwa hiari yao ni wageni, na mgeni hafukuzwi kwa moshi. Akachukua kigoda chake, akaketi mbali nao kidogo, akawaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaamkia wakwe. Tukawa tunaingilia mlango wa mbele na kupikia barazani, mpaka nyuki wenyewe walipoona nyumba ile haiwatoshi wakaondoka. Baba yako hakuthubutu kumtazama mama yake. Mtoto wa mrina asali ametundika mzinga bila kujua. Kila alipopita karibu naye, bibi alimwuliza kwa upole, "Marko, tutarina lini?" Wewe ulicheka mpaka ukashikwa na kwikwi, tukakunywesha maji. Hilo nadhani hulikumbuki. Ungelikumbuka usingesema zichomwe.

Na njia ya msafara je? Ile njia pana nje ya mji, ambayo babu wa baba yako aliikanyaga na pembe ya ndovu begani akienda pwani, enzi ambazo kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume mpaka aione bahari. Ilikuwa imekanyagwa na miguu mingi hata majani yalikata tamaa ya kuota. Baba yako aliipenda kwa sababu hiyo, hapakuwa na vichaka vya kunasa ndege. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa ngumu kama sakafu, na ndege ya mabua ikianguka pale inarudi kuwa mabua. Ndipo alipobuni njia yake ya kunidhalilisha. Akaniomba nije na kanga. Kazi yangu, mimi mke wa mtu, mtoto wa katekista, ilikuwa kukimbia chini ya ndege nimetandaza kanga mbele yangu, niidake inaposhuka.

Nilikataa kwa maneno mengi, kisha nikaenda. Wewe ulilizungusha pangaboi, baba yako akaiachia ndege, nami nikakimbia, viatu vya kanisani nimeviacha njiani. Watu wa Mtendeni walikuwa wakija kutazama, na hawakuja kuitazama ndege, walikuja kunitazama mimi. Ulikuwa ukipaza sauti, "Mama, kushoto, Mama, rudi nyuma," kana kwamba unachunga ng'ombe. Na niliidaka. Ilitua katikati ya kanga, nyepesi hata sikusikia uzito, na pangaboi likaendelea kuzunguka kidogo kwenye kitambaa, kisha likasimama. Baba yako akasema Tabora nzima hajaona mdakaji kama mimi. Nikamwambia Tabora nzima hakuna mjinga mwingine. Nilirudi nyumbani nikilalamikia miguu, jua na kanga iliyochafuka, na Jumapili iliyofuata nikawa wa kwanza kumaliza kuvaa.

Hili sijamwambia mtu, na yeye mwenyewe hakulisikia kinywani mwangu. Nilifurahi, Lukasi. Nilifurahi kuliko siku ya arusi yangu, maana siku ile viatu vilinibana. Kwa nini niliendelea kulalamika? Nadhani niliamini kwamba lazima mtu mmoja awe na hasira ndipo nyumba isimame, na niliwaona ninyi wawili hamna nafasi.

Sasa ile nusu nyingine, unayoijua. Baba yako aliitwa kwenda Kaliua, kutengeneza mabehewa ya njia ya Mpanda. Badala ya kulala mapema alikaa sebuleni kumalizia ndege mpya, na karatasi yake akaipaka manjano, manjano yangu ya mchuzi, kikopo chote. Nilipoamka nikakuta sakafu imejaa mabua, karatasi na unga wa manjano, na yeye amekwisha kuvaa, mfuko begani. Nilimsema mpaka mlangoni. Wewe ulikuwepo, ulikuwa umemshikia kofia. Nikamwambia, "Ukirudi utakuta takataka zako zote nimezichoma." Akacheka. Akavaa kofia yake, akasema, "Choma, mama Lukasi. Lakini ile ya manjano iache, haijaruka bado."

Bibi yako alikuwa ameketi pale pale. Wazee wake walikuwa na mwiko: msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika, usije ukazifagia nyayo zake. Nilikuwa nimemcheka siku nyingi kwa hilo. Niliwahi kumwuliza, waume zenu walipokwenda pwani wakakaa huko hata mwaka, mlikaa na taka mwaka mzima? Akanijibu kwamba pembeni walifagia, lakini ile njia aliyoipita msafiri, kutoka alipolala mpaka mlangoni, haikuguswa. Asubuhi ile alininyooshea mkono nimpe ufagio. Nikamwambia mimi nimebatizwa. Nikafagia sebule yote, nikafagia kizingiti, nikafagia mpaka uani kwa hasira zangu, na unga wa manjano ukanipanda kwenye nywele.

Alikufa huko huko Kaliua, kwa homa, kabla hatujapata barua yake hata moja. Najua homa ndiyo iliyomwua, si ufagio. Nimelisema hilo mbele ya padri, nikalisema na mbele ya bibi yako. Yeye, Mungu amrehemu, hakunitajia ufagio ule hata mara moja, mpaka tukamzika naye. Kama angenigombeza ningekuwa na la kumjibu.

Na baada ya matanga ulinijia na ndege ya manjano mikononi, ukaniambia twende njiani tukairushe. Kichwa chako kilikuwa kinanifika kifuani. Kanga ulikuwa umenichagulia mwenyewe, umeitundika begani. Nami nikakunyang'anya ndege, nikazitia zote katika kasha, nikalipandisha darini, nikakuambia mchezo umekwisha, wewe sasa ndiye mwanamume wa nyumba hii, na takataka zile hazifai ila kuwashia moto. Hukulia. Ulisema, "Ndiyo, Mama." Kanga ukairudisha ulikoitoa, umeikunja. Tangu siku hiyo ukawa mtoto mwema, unasoma, unateka maji, hunipi shida, na watu wakanisifu kwa malezi. Nikazipokea sifa.

Basi leo uliposema zichomwe, sikusikia sauti yako, nilisikia yangu. Umeitunza miaka yote hii, neno kwa neno, mtoto ambaye hawezi kutunza hata soksi mbili za rangi moja. Nilisimama kule nyuma, chini ya ule upenu wa nyuki, nikajiambia, Magdalena, kila mama huomba mwanawe amsikie. Wewe umesikiwa. Na sasa unataka nini? Nataka unisahau kidogo, Lukasi. Si mimi yote. Mimi wa siku ile.

Sikuambii ukaishi kwa kurusha ndege. Wamekuitia kazi ya ukarani, uifanye, na wino usiumwage. Lakini ukikuta huko kitu cha kukusimamisha juani mpaka shingo iungue, simama. Usingoje kuona kama mama yako amekunja uso, nitakuwa nimeukunja tu, ndivyo ulivyo. Na siku ukioa mwanamke anayelalamika, mtazame miguu. Kama anakimbia, mwache alalamike.

Nije kwenye sanduku. Ukilifungua utakuta viatu vyako vya pili havimo. Nimevitoa, nitampa mtu akuletee, wala usiniandikie habari yake. Mahali pake, kati ya mashati, ipo ndege ya manjano. Bawa nimelifungua nikalilaza juu ya shati la buluu, usilikunje. Karatasi ilikuwa imechanika mahali pamoja, nimeibandika kwa wanga wangu, safari hii bila kuibiwa. Ule mpira wa ndani umeoza, umekatika nilipougusa tu, kwa hiyo tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, huko haziwezi kukosekana. Usiipake nta. Irushe Jumapili baada ya misa, na utafute mtu mwenye kanga, asiyeona haya.

Ningekuamsha sasa hivi tukaondoka sote kwenda njiani kukipambazuka, lakini treni haingoji, na magoti yangu siku hizi si ya kuaminiwa. Uongo. Magoti yangu ni mazima. Naogopa kushindwa kuidaka.

Imebaki sebule. Ndege nyingine nimezirudisha darini ndani ya kikapu, hakuna kitakachochomwa. Lakini vile vipande vya mabua viko sakafuni kama vilivyomwagika, na vumbi la manjano limetanda kutoka mlango wa chumba chako mpaka mlango wa nje. Kesho utalikanyaga ukitoka, sitakuambia uzunguke. Jirani akija kunipa pole ya kubaki peke yangu atadhani nimeugua, maana hajapata kuiona nyumba yangu hivi. Na adhani. Sifagii. Ubatizo wangu ninao, na padri akiuliza nitamwambia mgongo unaniuma.

Ukishuka tu kwenye treni, niandikie, hata mstari mmoja, usingoje mpaka upate habari za maana. Unanijua mimi. Siwezi kukaa na uchafu huu siku nyingi.

Mama yako,
Magdalena